Nilimtaja Mwenye Mbwa

Nyuma ya mguu wangu wa kulia, kuanzia kwenye shavu la mguu hadi juu ya goti, nina makovu sita, na sitaki mtu aniambie yamepona vizuri. Moja limevuta nyama ndani, na siku za baridi mguu wote huamka mgumu mpaka niuzungushe kidogo uani. Lakini natembea. Ninaandika haya kwa ajili yako uliyeketi kwenye benchi la hospitali saa hii, mguu umefungwa leso, huku mtu wa nyumbani kwako mwenyewe akikunong'oneza useme kidogo. Usiseme kidogo.

Mimi husoma mita za mradi wa maji kijijini kwetu, juu ya Nkubu, pale kahawa inapoishia na majani chai yanapoanza. Kila mwezi naingia boma baada ya boma, nafunua mita, napangusa matope, naandika namba. Miaka kumi na mbili ya kazi hiyo imenifundisha mengi kuhusu mbwa. Mbwa mwenye watoto simkaribii hata akinitikisia mkia. Mbwa anayekula namwacha ale. Akinijia sikimbii, maana ukikimbia umejifanya windo. Nasimama wima, nashusha mikono, simkodolei macho, natulia mpaka achoke na mimi. Na zaidi ya yote, sivuki lango kabla mwenye boma hajatoka nje na kunionyesha mbwa yuko wapi. Nimetukanwa sana kwa ajili ya sheria hiyo. Wengine huniita mama wa kuogopa. Waniite.

Sheria hiyo niliilegeza kwenye boma moja tu, la Baba Mwenda.

Binti yangu Kendi ameolewa na Mwenda, kwa hiyo babake Mwenda ni mkwe wangu, muthoni kama tunavyoitana kwetu. Muthoni humpigii kelele langoni kama mtu aliyekuja kumdai. Humkatalii chai. Huketi ovyo mbele yake, humtazami sana, na yeye pia hakutazami. Kendi alikuwa akiishi pale na mumewe na binti yao Gatwiri wa miaka minne, na sherehe ya kumalizia mambo ya mahari ilikuwa imepangwa kufanyika mvua zikiisha. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumanne, masika yakiwa yameanza wiki hiyo hiyo, Baba Mwenda aliponiita kutoka sebuleni, "Pita tu muthoni, Bosco iko ndani," nilipita. Ningemwambiaje atoke anihakikishie?

Bosco alilelewa kwenye kibanda cha mabaki ya mbao kisicho na dirisha. Aliingizwa humo kabla jua halijatoka na kufunguliwa jua likizama. Wengi huku hufuga hivyo, ati mbwa akizoea watu hatalinda boma. Mnamchukua mnyama mwenye masikio na pua kutushinda sote, mnamfungia mchana kutwa gizani, hajui sauti ya jirani wala harufu ya mgeni, kisha mnashangaa akimrukia kila anayepumua. Na watu wa mifugo walipokuja kuchanja mbwa katika uwanja wa shule, Bosco hakupelekwa, kwa sababu alikuwa mkali mno kupitishwa barabarani. Baba Mwenda alitusimulia hilo kwa majivuno. Tulicheka sote, mimi nikiwemo.

Hakuwa ndani. Alikuwa ametafuna ubao wa chini mpaka ukaachia. Nilikuwa nimeinama kwenye mita nyuma ya zizi la ng'ombe, na hakubweka hata mara moja. Aliuma shavu la mguu, akaachia, akauma tena juu zaidi, akatikisa. Nilimpiga kwa ubao wangu wa kuandikia mpaka ukapasuka. Baba Mwenda alitoka mbio na fimbo, akamfukuza, akanigeukia, halafu akageuza uso haraka akatazama migomba. Sketi yangu ilikuwa imechanika hadi pajani.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Bomba la maji lilikuwa hatua mbili kutoka nilipoangukia. Kidonda cha mbwa huoshwa pale pale kwa maji yanayotiririka na sabuni, robo saa nzima, hata ukilia. Mimi, mtu wa maji, niliketi kando ya bomba nikivuta vipande vya sketi nijisitiri kwa sababu muthoni yuko karibu, damu ikijaa kwenye gambuti. Baadaye Mama Mwenda akanishika mkono akaniingiza jikoni. Alichukua manyoya ya Bosco yaliyonasa kwenye mbao za kibanda, akayachoma, akanipaka jivu lake kwa mafuta ya ng'ombe. Alifanya hivyo kwa moyo safi, kama mama yake alivyofanya, na sina kinyongo naye, lakini usikubali kufanyiwa hivyo.

Mume wangu Gitonga alikuja kunichukua kwa pikipiki ya jirani. Kabla hatujafika hospitali alisimama kando ya barabara.

"Ukiulizwa, sema ni mbwa ya barabarani."

"Kwa nini?"

"Si wataandika jina. Likiandikwa, chifu atasikia, watu wa mifugo watakuja hapo kwao. Hao ni watu wetu, Mama Kendi. Unataka Kendi arudishwe nyumbani juu ya mbwa?"

Nesi wa zamu aliniuliza mwenye mbwa ni nani, nami nikamtazama machoni nikasema simjui, ni mbwa koko. Aliandika hivyo. Kisha akaanza kuniosha lile jivu, na hapo nilijua maana ya kuuma meno. Baada ya kuosha kukaja sindano za kuzunguka kidonda chenyewe, ambazo hakuna mtu aliyenionya habari zake, halafu moja ya begani. Nikapewa kadi yenye tarehe: siku hiyo, siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne na ya ishirini na nane. Kuanzia hapo sikuwa na Jumatatu wala Jumapili, nilikuwa na sindano ya pili na sindano ya tatu.

Mguu ulivimba mpaka ngozi ikang'aa. Kinena kikatoa mtoki, homa ikapanda, na kidonda kikaanza kutoa harufu ambayo niliisikia hata nikiwa nimelala kifudifudi upande wa pili wa kitanda. Kwenda choo ilikuwa safari. Gitonga alipika, alifua, alinibeba hadi chooni, na mimi nilimchukia kila aliponishika, kwa sababu ya maneno yale ya barabarani. Naye alijua. Tulikuwa tunazungumza mambo ya chumvi na kuni tu. Jirani yetu mmoja, mwanamke ambaye nilishawahi kumkatia maji, aliniletea uji wa wimbi kila siku ya wiki ile na hakuuliza swali lolote. Mpaka leo nikipita kwake nampigia saluti.

Siku ya sindano ya tatu niliketi kwenye benchi na mama mmoja wa makamo, aliyeolewa huku lakini mzaliwa wa Kiritiri. Alikuwa amekuja kwa ajili ya presha. Aliutazama mguu wangu.

"Mbwa?"

"Mbwa."

"Mko na yeye, mnamwangalia?"

"Ni ya barabarani."

Aliikunja kadi yake mara mbili. "Ndugu yangu aliumwa na mbwa ya shemeji. Tukanyamaza ndio tusiaibishe mtu. Mbwa ikakufa, wakazika, hawakutuambia. Ndugu yangu alikuwa amepata sindano moja tu, akaona amepona, akarudi kuchoma makaa." Alisema hayo bila kupandisha sauti. "Ikishaanza, mama, hakuna daktari. Usiruke hata moja."

Niliitwa ndani. Nesi akapasha mikono yake moto kwa kuisugua kabla ya kunishika, kama alivyokuwa akifanya kila mara, na nikashindwa kumtazama.

Mchana huo Kendi alinipigia simu. Alikuwa akinong'ona.

"Mama, Bosco amekufa."

"Amekufaje?"

"Hakuwa anakula. Mdomo ukawa unaning'inia, mate inamwagika, anatafuna mbao na mawe. Jana akauma ndama. Mwenda na babake wakamuua, wakamzika kwa migomba. Wamesema nisikuambie, utaogopa."

"Gatwiri yuko wapi?"

Nilisikia akifunga mlango. "Mama, Gatwiri alikuwa anampatia ugali kwa ule mwanya wa mbao. Kila siku. Alikuwa anamlamba mikono. Na ako na mkwaruzo kwa mkono, ile ya kuanguka kwa mawe."

Nilimwambia amvalishe mtoto sweta. Sikumbuki nilivyovaa viatu. Gitonga alikuwa anakata nyasi za ng'ombe, nikamwambia nenda uombe tena pikipiki ya jirani, na alipouliza tunaenda wapi nikamwambia, "Kule ambako uliniambia nisitaje mbwa." Alinielewa. Aliweka panga chini.

Langoni sikuita muthoni kwa upole. Nilipiga bati kwa jiwe. Baba Mwenda alitoka, na nyuma yake Mama Mwenda, kisha Kendi na mtoto, halafu Mwenda mwenyewe akiwa amesimama mbali kidogo.

"Muthoni, ingia kwanza unywe chai," mzee alisema.

"Sinywi chai. Nimekuja kuchukua Gatwiri aende sindano."

"Mtoto hakuumwa. Mbwa amezikwa, maneno yameisha. Haya mambo tutaketi na wazee, tuyaongee kama watu."

"Tutaketi. Lakini mtoto anaenda leo."

"Huyu mtoto ni wa boma hii." Akaweka mkono kichwani pa Gatwiri. Mtoto amebeba jina la mke wake, na kwa mzaha wa kwetu yeye humwita mke wangu. Alimpenda mtoto huyo kuliko sisi sote, hilo silikatai, na ndilo lililonitia hasira zaidi.

"Basi kama ni wako, mbebe wewe," nikamwambia. "Sikatazi. Lakini hutamficha kama ulivyoficha mbwa."

Hakuna aliyewahi kumsemesha hivyo, sembuse mimi. Nikasikia Gitonga akipumua nyuma yangu, nikangoja aniambie nyamaza. Hakusema kitu. Aliyesogea ni Mwenda. Alimnyanyua bintiye kutoka chini ya mkono wa babake, akampakia mbele yake kwenye pikipiki yake mwenyewe, Kendi akakaa nyuma. Sisi tukafuata.

Nesi alishangaa kuniona mara ya pili siku ile. Nilimwambia mbele ya kila mtu aliyekuwa kwenye foleni, "Dada, nilikudanganya. Mbwa si koko. Ni wa mkwe wangu, hajawahi kuchanjwa, amekufa akitokwa na mate, na mtoto huyu amelambwa kwenye kidonda." Nilisema na jina la mzee, na jina lake la ubatizo, na kijiji. Nesi hakunikaripia. Alifuta alichoandika, akaandika upya, kisha akatoka kupiga simu kwa watu wa mifugo. Gatwiri alishikwa na watu watatu kwa zile sindano za mkononi, na sauti aliyoitoa siku ile bado ninayo.

Watu wa mifugo walikuja wakafukua pale migombani, wakachukua kichwa kwenda kukipima. Jibu lilirudi: kichaa cha mbwa. Ndama alikufa baadaye akipiga kelele isiyo ya ndama. Mama Mwenda, Mwenda na Kendi wakaanza sindano zao. Baba Mwenda, ambaye ndiye aliyemshika Bosco kwa mikono mitupu wakati wa kumuua, alikataa. Alisema yeye ni mzee na hatatangazwa hospitali kama mfuga wazimu.

Badala yake alituma mbuzi. Wazee watatu wakaja naye nyumbani kwetu, beberu mzuri kweli, pamoja na ujumbe: tule, tunywe, na jina liondolewe kule lilikoandikwa. Kama siondoi, basi hawaoni sherehe ya mahari itafanyikaje. Kendi alikuwa amerudi kwangu na mtoto wakati huo. Aliyasikia yote akiwa jikoni.

Nilikuwa nimeshakwenda kwa naibu wa chifu, naye hakuzungusha maneno. Mbwa ni wako, basi na meno yake ni yako. Ni juu yako kumchanja kila mwaka, kumfunga mahali asipofikia mpita njia, na akiuma, matibabu ni juu yako mpaka mwisho. Haijalishi aliyeumwa ni mwizi au mkwe. Alinipa barua ya kupeleka polisi kama nitataka. Barua hiyo nilikuwa nayo mfukoni wazee walipokuwa wakiongea.

"Sitaki kumshtaki," niliwaambia. "Mwambieni aje mwenyewe. Aseme mbele yenu ni mbwa wake, halafu aende sindano. Hayo mawili. Mbuzi arudi kwanza."

Gitonga akasema, "Na mimi nasema hivyo." Yalikuwa maneno manne ambayo nilikuwa nimeyangoja tangu tulipokuwa kando ya barabara.

Baba Mwenda alikuja siku iliyofuata, na wazee wake. Aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango, akazungumza kuhusu mvua, kuhusu undugu, kuhusu ajali ambazo Mungu huruhusu. Alizungumza vizuri, yeye ni mzee wa kanisa. Muda wote alitazama ukuta, kama inavyopasa. Nilimsikiliza mpaka akafika mahali pa kusema nilikwaruzwa.

Nikasimama. Nikageuka, nikavuta sketi mpaka juu ya goti, nikafungua bendeji mbele ya muthoni wangu na wazee watatu. Nilisikia kiti kikisukumwa. Mzee mmoja alitoka nje kabisa.

"Mama Kendi," Gitonga akasema taratibu.

"Muthoni, tazama," nilisema. "Ulishageuza uso mara moja. Huu ni mguu wa mkwaruzo? Huu ni mguu wa mtu mzima. Mkono wa Gatwiri ni kama kidole changu. Tazama, halafu uniambie tena ni Mungu aliyetafuna ubao."

Niliona aibu kwa kweli, siwezi kujifanya shujaa. Nimelelewa kama wao. Lakini sikushusha sketi mpaka niliposikia akipenga kamasi. Alikuwa anatazama. Alitazama kwa muda mrefu sana, na alipozungumza hakuzungumza na mimi, alizungumza na wale wazee wawili waliobaki.

"Mbwa ni yangu," alisema. "Ni mimi nilikataa kumpeleka kuchanjwa. Ni mimi nilisema ako ndani na sikuwa nimetoka kuangalia." Kisha akauliza hospitali hufunguliwa saa ngapi.

Tulikwenda pamoja kesho yake, yeye kwa sindano yake ya kwanza, mimi na Gatwiri kwa zetu. Aliogopa kuliko mtoto. Gharama zetu zote akazibeba yeye, bila kukumbushwa. Kibanda kile alikibomoa. Mbwa aliyepata baadaye ana cheti, ana mnyororo mrefu kwenye waya, anaona watu mchana, na lango lina kitasa. Namtazama mzee anavyotoka mwenyewe kunifungulia nikienda kusoma mita. Nisipomwona, sivuki. Mahari ilifanyika Desemba, na huyo beberu tulimla hapo.

Sindano zilikwisha, lakini hofu haikwisha. Ugonjwa huu unaweza kulala mwilini kwa miezi, na mtoto alichelewa kuliko mimi. Kila mtu huku anajua dalili ile ya mtu kuogopa maji. Kendi aliporudi kwa mume wake nilikuwa sipati usingizi, ndipo Baba Mwenda akaanzisha jambo ambalo sikumwomba. Kila asubuhi, kabla ya kukamua, alimpelekea Gatwiri kikombe cha maji, akaketi akamtazama mpaka akimalize. Kisha akanipigia simu. Hakusalimu. Alisema, "Amekunywa," nami nikasema, "Haya," tukakata. Masika yakapita, baridi ya Julai ikapita, tukapanda tena, tukavuna. Muthoni na muthoni, kila siku, neno moja moja.

Halafu asubuhi moja simu haikulia. Nilingoja mpaka jua likawa juu ya paa la jirani. Nikampigia mimi.

Alipokea akihema. "Muthoni, nisamehe. Nimesahau kabisa. Huyu msichana amenitoroka na kikombe, ako huko chini kwa bomba anarushia mbwa maji, na mimi nilikuwa namkimbiza."

Niliketi chini pale pale uani. Nikamwambia asahau kupiga na kesho.